Kwa Kemilembe, Anayekwenda Dar Kupunguzwa Tumbo

Kemilembe mwanangu,

Wewe na baba yako mmechukua pikipiki mbili kwenda Bweranyange kumuaga bibi, na nyumba imenyamaza. Nimekaa barazani, kahawa imeanikwa mbele yangu, kuku nawafukuza kwa mguu huku naandika. Nataka nimalize kabla hamjarudi, maana nikikutazama usoni maneno haya hayatatoka. Nitampa baba yako akufikishie mkishafika Kibaha kwa mama yako mdogo.

Kesho asubuhi mnapanda basi. Wiki ijayo daktari atakukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Ukishapona utabaki huko huko, ufundishe kwenye shule uliyohamishiwa, uwe karibu na kliniki. Kwa hiyo siyo safari ya kwenda na kurudi. Hilo nalijua, nimelimeza.

Sitakuandikia habari za kufunga begi, wala kuvaa sweta kwenye basi, wala vidonge vya vitamini utakavyovimeza maisha yako yote. Hayo daktari ameyasema vizuri kuliko mimi, na wewe ni mwalimu wa watu. Umeamua baba yako ndiye akusindikize, mimi nije baadaye kahawa ikishaisha, nami sikukasirika. Unanijua. Mama ambaye harusi za Igurwa haziliwi mpaka sufuria zangu zimefika, ningeingia wodini na chakula nimekificha kwenye kitenge.

Ninachotaka kukuambia ni vitu nilivyovielewa nikiwa nimechelewa. Vingine nilivielewa mwaka huu, nywele zimeshakuwa nyeupe.

Unakumbuka siku uliyotuambia? Ulikuwa umekuja likizo kutoka Bugomora, tunamenya ndizi jikoni, wewe umekaa kwenye kiti kwa sababu magoti yalikataa kigoda. Ukasema, “Mama, nimeamua. Nakwenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo.” Nikaweka kisu chini. Nikakuambia, “Mungu amekupa tumbo zima, wewe unakwenda kulikata? Watu wamekufa kwa njaa, wewe unaifuata Dar?”

Ulimenya ile ndizi mpaka mwisho, ukaitia kwenye maji, ukaondoka. Kwa siku kadhaa tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Sasa nikueleze hasira ile ilitoka wapi, kwa sababu haikutoka kwako.

Mjomba wako Deo hukumkuta. Alikuwa kaka yangu mkubwa, fundi seremala, mtu wa mabega. Ujana wetu hapa Kagera ulikuwa ujana wa mazishi. Mtu alianza kukonda, watu wakaanza kunong’ona. Ukimwona mtu suruali ameifunga kamba, ulijua. Majirani waliacha kumtembelea kabla yeye mwenyewe hajaacha kutembea. Deo alikonda hivyo. Siku zake za mwisho alikuwa anapenda kuota jua uani, na mawingu yakija mimi ndiye nilikuwa namwingiza ndani. Nilimbeba mgongoni, kaka yangu mkubwa, mimi mwanamke wa kimo hiki. Na hakunilemea, Kemi. Hilo ndilo lililonibakia, kwamba hakunilemea.

Kwa hiyo ulipozaliwa, ukanenepa, mikono ikawa na pingili, mimi sikuona mtoto mnene. Niliona mtoto ambaye hafi. Nilikuvisha gauni nikakupeleka kanisani ili watu wakuone. Ulipokuwa shule ya msingi, ukisema umeshiba, nilikuongezea. Nilikuwa nawalisha wawili, wewe na Deo, na sahani ilikuwa moja.

Sisemi kwamba ndiko ugonjwa wako ulikotoka. Nilimwuliza daktari hilo, akasema hapana, chakula cha mama hakitengenezi ugonjwa huu. Lakini nataka ujue kwamba nikija Kibaha nikakuta mashavu yameingia ndani na nguo zinakuning’inia, moyo wangu utashtuka kwanza kabla ya kufurahi. Ukiniona nimekodoa macho, usidhani nakupinga. Nipe muda kidogo niwatenganishe, wewe na yeye.

Ulipokuwa kidato cha pili uliniambia kwa aibu kwamba miezi inapita huoni siku zako. Mimi nikacheka. Nikakuambia, “Kwetu ndivyo tulivyo. Afadhali, hufui sana.” Nilisema hivyo kwa sababu mimi pia nilikuwa hivyo, na mama hupima mtoto kwa mwili wake mwenyewe. Baadaye shingo ikaanza kuwa nyeusi, nikakusugua kwa dodoki nikidhani ni uchafu. Kisha zikaja ndevu kidevuni. Ulikuwa unazinyoa kwa siri bafuni, kwa wembe wa baba yako, unadhani hatujui. Yeye ndiye aliyegundua kwanza, wembe wake ulikuwa unaisha makali. Hakuniambia wala hakukuuliza. Alikwenda dukani akanunua pakiti nzima ya nyembe, akaiweka pale dirishani bafuni, na kila ilipoisha aliweka nyingine. Nimeolewa na mwanamume huyo miaka mingi na bado ananifundisha kunyamaza.

Mimi sikunyamaza. Ulipoanza kazi Bugomora ulijinyima, ukawa unatembea kupanda kile kilima cha shule badala ya kupanda pikipiki, ukameza vidonge. Ukapungua. Mwaka haujaisha mwili umerudi na zaidi ya ulichoacha. Ukaanza tena, ukarudi tena. Mimi nikamwambia baba yako, “Huyu anakula kwa siri.” Nilidhani hivyo kweli, nikawa nachungulia vyombo ukija likizo. Wewe ulikuwa unapigana vita, mimi nahesabu vijiko.

Kisha sukari ikaanza kupanda, na presha juu yake, na ukawa unakoroma mpaka unashtuka usingizini kama mtu anayezama. Ulipotuomba twende wote kwa daktari bingwa Mwanza, nilikwenda nikiwa nimejiandaa kubishana naye. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu tunapita Biharamulo.

Nadhani hujui kilichonipata mle ndani. Ulikuwepo, lakini ulikuwa unatazama ile picha ya ovari zako kwenye karatasi, vile vifuko vidogo vidogo vimejipanga pembeni.

Daktari alikuwa kijana, anaweza kuwa mwanangu. Akaeleza taratibu. Akasema homoni zako hazisikilizani. Mayai hayakomai vizuri, sukari ikiingia kwenye damu mwili hauitumii inavyotakiwa, unaiweka akiba. Mtu wa namna hiyo akijinyima, mwili unazidi kung’ang’ania. Si uvivu, akasema, wala si ulafi. Kisha akanigeukia mimi.

“Mama, una watoto wangapi?”

“Mmoja.”

“Mlipanga kuwa na mmoja?”

“Baba, hapo hatukupanga. Tulipewa.”

“Na hedhi yako ujanani ilikuwaje?”

Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza hilo, hata baba yako. Nikatazama sakafu. Nikasema, “Ilikuwa inakuja ikitaka, kama mgeni asiye na simu. Wakati mwingine msimu wa mvua unaisha haijaja.”

“Na ndevu?”

Nikavuta kitenge mpaka kidevuni. Akatikisa kichwa polepole, akasema, “Mama, leo siwezi kukupima nikajua ya zamani. Lakini ugonjwa huu hutembea kwenye familia. Inawezekana sana na wewe ulikuwa nao.”

Nikatoka nje, wewe ukanifuata, ukanikuta kwenye lile benchi la korido nacheka huku machozi yanatoka. Ukaniuliza, “Mama, vipi?” nikakudanganya kwamba ni uchovu wa safari. Hukuniamini, na ulikuwa sahihi.

Nilikuwa nacheka kwa sababu nilikuwa nimeishi na jina moja, na kumbe jina langu lilikuwa lingine. Kwetu mwanamke asiyezaa anaitwa engumba. Mimi niliitwa hivyo miaka saba kabla hujaja. Niliitwa kisimani, niliitwa sokoni. Mtoto wa jirani akilia nikamchukua, mama yake alikuja kumtoa mikononi mwangu, taratibu, kwa tabasamu. Nilikunywa mizizi ya kila kilima kuanzia hapa mpaka Kyerwa. Nilifunga, nilisali novena, nilimtafuta mtu aliyeniloga na kila wiki nilimpata mpya. Na kumbe kulikuwa na ugonjwa wenye jina, watu wanao duniani kote, madaktari wanausoma darasani. Hakuna aliyeniloga. Hakuna niliyemkosea.

Kuna kikao kimoja sikukuambia. Mwaka wa sita wa ndoa yetu, ukoo wa baba yako walikuja hapa nyumbani, wakakaa, wakanywa rubisi niliyowatayarishia mimi mwenyewe. Kisha mzee mmoja akasema mbele yangu, “Kijana, kibanja hiki kinahitaji mrithi. Huyu mwanamke hatumfukuzi, abaki apike. Wewe ongeza mwingine.” Shangazi yako Paskazia akaongeza kwamba msichana ameshaonekana.

Nilikuwa nimeshika chombo cha kuwaongezea. Nilisimama hapo mlangoni, siwezi kuingia, siwezi kurudi.

Baba yako wakati huo hakuwa mtu wa kujibu wazee. Akakohoa. Akasema, “Mke niliyemtaka ndiye huyu. Aliyeonekana huko, muoeni nyie.” Kisha akanitazama, akasema, “Mama, ongeza pombe, wageni wana kiu.” Aliniita Mama. Hatukuwa na mtoto, na aliniita Mama mbele ya ukoo mzima.

Nakuambia hili kwa sababu watu watakuuliza, na wengine wameshaanza, kama unakwenda Dar ili uolewe, au ili uzae. Daktari amesema mwili ukishuka hedhi inaweza kurudi yenyewe, na mimba inaweza kuingia mapema kuliko ulivyodhani, ndiyo maana anataka ujikinge mwaka mmoja na zaidi mpaka mwili utulie. Amesema pia ugonjwa wenyewe hauondoki, unalegea tu. Nimesikia yote. Ukizaa, nitakuja na sufuria zangu. Usipozaa, nitakuja vilevile. Usinibebee mjukuu kama deni. Mimi niliishi miaka saba nikiwa mtu mzima kamili ndani ya nyumba hii, kabla hujaja, ingawa wakati huo sikujua. Ningejua, ningelima na kuimba.

Kuhusu kisu. Unajua ulizaliwa kwa kisu. Uchungu ulinishika siku mbili, wewe umekaa kitako, wakanipeleka hospitali ya misheni nyuma ya gari la kahawa. Nilipoambiwa nitapasuliwa nilimwambia sista, “Niacheni nife na mwanangu.” Akasema, “Hufi wewe, una kelele sana.” Wakanipa nusu kaputi. Ni kitu cha ajabu. Unahesabu na nesi, halafu mtu anakuita jina, unadhani hata hawajaanza, kumbe wameshamaliza na mtoto analia upande wa pili. Usiogope ile sehemu. Ile ndiyo rahisi.

Iliyonishinda ni ya baadaye. Nilirudi nyumbani, nikasikia wifi yangu Paskazia amesema huyu hakuzaa, alipasuliwa. Neno hilo lilinichoma kuliko mshono. Basi nikataka kuwaonyesha. Kabla sijapona nilichukua jembe nikaingia kibanjani, mchana watu wakipita, wanione. Nililima mistari michache tu. Mshono ukafumuka. Nikarudi hospitali damu imelowesha kanga, nikalala huko muda mrefu kuliko mara ya kwanza, wewe unanyonya kwa bibi yako maziwa ya ng’ombe.

Kwa hiyo lishike hili hata ukisahau mengine yote. Usipone kwa ajili ya macho ya watu. Watakuambia umepungua kidogo mno, wengine watakuambia umepungua kupita kiasi, na hapa kwetu wapo watakaoitazama picha yako kwenye simu na kunong’ona yale waliyonong’ona kuhusu Deo. Waache. Ukitaka kuwaambia ulifanyiwa nini, waambie. Usipotaka, mwili ni wako, si tangazo la parokia. Siku utakayoshiba kwa vijiko vitatu mbele ya wageni, weka kijiko chini na usijieleze.

Shangazi yako alikuja juzi ulipokuwa Kayanga. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu mwingine. Akakaa hapa barazani, akasema, “Nasikia binti anakwenda kukatwa tumbo. Si angefunga mdomo tu?”

Zamani ningekwenda jikoni kulia. Nikamwambia, “Wifi, wewe kila asubuhi unameza kidonge cha presha. Kwa nini hukuiambia damu yako ishuke?”

Akanitazama. Nikaendelea, sauti yangu chini kabisa, “Mtoto huyu amefunga mdomo miaka kumi. Amepanda kile kilima cha Bugomora mpaka magoti yakavimba. Mimi na wewe hatujafunga hata Kwaresima yote.”

Akacheka, kwa kweli alicheka. Akaomba maji. Alipoyanywa akaniuliza kwa sauti nyingine, “Ni hatari?” Nikaona anaogopa tu kama mimi, sema woga wake huwa unatoka umevaa dharau. Amekuletea senene, nimezikausha. Za baba yako na mama yako mdogo hizo, wewe utaonja baadaye daktari akiruhusu.

Ni hatari? Na mimi niliuliza. Siku ile Mwanza niliporudi ndani nilimwambia daktari, “Nieleze kama mtu mzima. Asipoamka?” Hakunipaka mafuta. Alisema kila upasuaji una hatari, na huu unazo zake, mshono wa ndani unaweza kuvuja, damu inaweza kuganda, ndiyo maana wanamwangalia mtu kwa karibu. Kisha akasema, “Lakini mama, kubaki alivyo nako kuna hatari, ila hiyo inakuja polepole ndiyo maana hamuioni.” Akaeleza kwamba wataingia kwa matundu madogo, wataacha mfuko mwembamba kama ndizi. Baba yako akauliza, “Ndizi ipi, daktari? Ya kupika au ya kuiva?” Yule kijana si wa kwetu, akabaki ameduwaa, wewe ukacheka mpaka ukashika ubavu. Nilikuwa sijakusikia ukicheka hivyo tangu ulipokuwa msichana. Pale pale nikaacha kubishana. Hakuna aliyenishinda kwa hoja. Niliona tu kwamba mwanangu ameshaamua na ana furaha, na mimi ndiye niliyebaki nyuma.

Sina wasiwasi na wewe, Kemi. Ninaogopa, lakini hicho ni kitu kingine. Ninaogopa kama mtu anayeona mwanawe anavuka mto: anajua mwana anaogelea kuliko yeye, bado anashika nguo yake kifuani. Umesoma, umeuliza, umemwuliza daktari maswali mpaka akavua miwani. Umetazama mwili wako bila kuuchukia. Mimi sikuweza hilo katika umri wako. Mwili huu ulionilisha aibu miaka saba ndio ulionipa wewe, na sikuwahi kuushukuru hata siku moja.

Kitu cha mwisho, na usimkasirikie baba yako, hajui.

Daktari aliniambia wanawake wa namna yetu hata wakishazeeka wanapaswa kuangalia sukari. Nikaitikia, nikasahau kwa makusudi. Wiki hii nikakuona unapanga vyeti vyako vya vipimo, hukuonekana hata kidogo kama mtu anayekwenda kufa, nikaona aibu. Jana niliposema nakwenda jumuiya, sikwenda jumuiya. Nilikwenda zahanati. Nesi akanitoboa kidole, akakitazama kile kimashine, akanitoboa kingine. Sukari ipo, mwanangu. Imekuwepo kwa muda, anadhani. Amenipa vidonge na akanipangia siku ya kurudi. Akaniambia nipunguze wali na soda za harusini, na nitembee. Nikamwuliza, “Nitembee kwenda wapi?” Akasema, “Popote mama, ilimradi uchoke kidogo.”

Usirudi nyumbani kwa ajili yangu. Ukifanya hivyo nitakukatalia mlango. Kidonge cha kwanza nimekunywa leo asubuhi na chai isiyo na sukari. Chungu kama adhabu, lakini nimeimaliza.

Nasikia pikipiki zinapanda kwenye kona. Kesho tutawasindikiza mpaka barabarani, mimi na shangazi yako, tumekubaliana. Basi likishaondoka, madereva wa pikipiki watatuita kama kawaida yao. Yeye ataamua lake. Mimi nitarudi nyumbani kwa miguu.

Mama yako,
Generoza